Siku Walipopotea Akina Kulwa Wote

Mwona ufa hulala nje. Methali hii hamtaikuta kwa wahenga wa kale, maana baadhi ya wahenga wake bado tunakunywa chai. Ilizaliwa hapa hapa Mwanzugilo, na ilianza hivi.

Au ngojeni, kwanza nimkosoe Elikana. Leo nimeingia humu kama kawaida yangu, nikitoka kupimwa presha, nikakaa chini ya feni yenu, kwa sababu hospitali nzima feni inayozunguka ni hii ya chumba cha kompyuta. Nikamsikia akimtania Nkamba. Nkamba amekuta kasoro katika toleo jipya la mfumo wenu mnalotaka kulifungua Jumatatu, na Elikana akampongeza kwa methali hiyo. Nilipomuuliza maana yake, akanijibu bila kusita kwamba mtu mwerevu huiona hatari mapema, akatoka zake nje, na nyumba ikianguka inawaangukia wazembe. Mkacheka wote. Kisha mkataka niwaeleze imetoka wapi, na mimi nimekubali, ila mjue kwamba nikimaliza hamtacheka.

Enzi hizo nilikuwa mtunza damu. Shirika lenye hospitali hii lilikuwa na hospitali nne, kila moja na jokofu lake la damu na kompyuta yake, na kompyuta zote ziliendeshwa na mfumo mmoja tulioupa jina la Mshipa. Ukiiwasha kompyuta, kinachowaka ni Mshipa, hakikuwamo kingine. Toleo la kwanza lilikuwa jema lakini zito. Taarifa za damu zilitoka hospitali moja kwenda nyingine mara moja tu kwa wiki, kila Ijumaa. Katikati ya wiki, kama ulitaka kujua mwenzako ana nini kwenye jokofu, ulipiga simu na kumwomba Mungu apatikane mtu wa kuipokea. Tulishawazika watu kwa sababu ya simu zisizopokelewa. Basi tuliposikia linatengenezwa toleo la pili, ambalo mfuko wa damu ukiingia jokofuni kule Ngulumwa, hospitali yetu ya jirani, sisi huku tunauona papo hapo, nawaambia tulilisubiri kama wakulima wanavyosubiri mvua.

Tarehe ya uzinduzi hawakuipanga mafundi. Nchi hii tarehe hupangwa na mgeni rasmi. Akisema Jumamosi ana nafasi, basi Jumamosi ndiyo mfumo umekamilika, hata kama fundi bado ana bisibisi mkononi. Turubai likafungwa uwanjani, ng'ombe akanunuliwa, kwaya ikatunga wimbo unaolitaja jokofu.

Fundi wetu wa kompyuta alikuwa msichana anaitwa Shija. Wengi wenu ni watoto wa huku, mnajua Shija ni nani: ni yule anayezaliwa baada ya mapacha. Mapacha wenyewe hawachaguliwi majina. Wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na anayewafuata ni Shija. Kaka zake walikuwa Kulwa na Doto wa ukoo wa Ng'hwani, wote wawili wachangiaji wa damu wa miaka mingi. Shija aliolewa hapa hapa mjini na dereva wa malori anaitwa Mahona, akakaa kwa mama mkwe wake pamoja na wifi yake, Mbuke. Mkitaka kumjua Mbuke, ndiye aliyekuwa akimsuka Shija nywele kila Jumapili barazani, na kelele za kucheka kwao zilifika mpaka kwangu, nyumba ya tatu. Wakati huo Mbuke alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza, mwezi wa mwisho.

Jumatano, uzinduzi ukiwa Jumamosi, Shija alipewa kazi ya mwisho: kuhamisha mafaili ya watu kutoka toleo la zamani kuingia jipya, na kuona kama yamekaa sawa. Hamna aliyetegemea tatizo. Vijana wa jijini waliolitengeneza walilijaribu kwa majina ya kubuni, nalo likajibu vizuri. Shija, kwa utani wake, akasema ngoja awasalimie kaka zake. Akaandika jina la Doto, akaja Doto. Akaandika la Kulwa, kompyuta ikasema hakuna mtu huyo.

Nilikuwa nimeketi pale pembeni. Akacheka, akaniambia kaka yake amefariki na nyumbani hawajampigia simu. Akajaribu Kulwa mwingine, wa Bukwaya. Hayupo. Akajaribu Kulwa, mtoto wa mhudumu wetu wa mapokezi. Hayupo. Kicheko kikamkauka. Kufika mchana alikuwa ameyapitia mafaili yote, na katika hospitali nne za Wasukuma, ambako hupigi hatua bila kumkanyaga Kulwa, hakubaki Kulwa hata mmoja.

Kosa lilikuwa hivi, na sikilizeni vizuri, maana ni kosa la kwetu sisi, lisingetokea kwa watu wengine. Mapacha kwetu hawabaguliwi. Ukimnunulia mmoja shati unawanunulia wawili, ukimsifu mmoja unamsifu na mwenzake, la sivyo aliyeachwa atanuna mpaka augue. Makarani wetu walikuwa watoto wa mama zao. Mama akija na mapacha wake, karani alijaza faili la Kulwa na la Doto kwa heshima ile ile: saa ya kuzaliwa ile ile, uzito ule ule, kila kitu sawa, hata pale ambapo havikuwa sawa. Vijana wa jijini kwa upande wao waliambiwa kwamba watu hujiandikisha mara mbili, wakaliagiza toleo jipya likikuta mafaili mawili yanayofanana liyaunganishe, la mwisho lifute la mwanzo. Na Kulwa siku zote huandikwa kwanza. Tofauti zilizobaki zilikuwa jina na kundi la damu, na mfumo ukazihesabu kuwa ni masahihisho. Kulwa wa Ng'hwani damu yake ni A, Doto ni B. Ndani ya Mshipa mpya alibaki mtu mmoja, Doto, mwenye B.

Najua mtaniambia damu hupimwa kwanza kabla ya mtu kutiwa. Hupimwa, dawa za kupimia zikiwapo. Zikiisha, na mtoto anakata pumzi mbele yako, unasoma kwenye kompyuta.

Mkurugenzi wetu alikuwa Dakta Luhende, mtu mwema, mwenye haraka. Alituita ofisini, mimi na Shija. Mafundi wa jijini walishamwambia kwenye simu kwamba kosa hilo liko kwenye msingi, kulitoa ni kazi ya majuma, labda mwezi na zaidi. Alimsikiliza Shija mpaka mwisho, kisha akapendekeza tufungue Jumamosi kama ilivyopangwa na makarani waonywe wawe waangalifu na mapacha.

"Karani hawezi kuwa mwangalifu na mtu ambaye hayumo, daktari," Shija akasema. "Kulwa hayumo. Siku akiletwa na kadi yake, namba itafungua faili la Doto, kompyuta itampa damu ya Doto, na karani atashukuru kwamba imepatikana upesi."

Dakta Luhende akanigeukia mimi, akaniuliza mtu wa A akitiwa B inakuwaje. Nikamwambia inavyokuwa, mpaka anapokata roho. Akatazama dirishani, kule kwaya ilikokuwa ikifanya mazoezi.

"Shija, unajua lakini tunachoahirisha?" akauliza. "Kuna mtu wiki hizi atahitaji damu, na damu ipo, na sisi hatutajua ipo wapi."

"Najua, daktari. Huyo tutamtafutia kwa simu, tutahangaika naye. Kulwa hatahangaikiwa na mtu."

Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu, na hadi leo sioni alikosea wapi. Nimeyageuza usiku na mchana. Kama ningekuwa na nia ya kumlaumu ningeshapata pa kuanzia.

Uzinduzi ukaahirishwa. Tangazo lilisema ni kwa ajili ya maboresho, neno ambalo halijawahi kumridhisha mtu. Mgeni rasmi alikasirika, turubai likafunguliwa, ng'ombe akaliwa bila sherehe. Mjini wakasema kuna binti mmoja wa kompyuta anaogopa mashine mpya itamnyima kazi. Sokoni wakamwita Bibi Ahirisha. Yeye aliyachukulia kwa utani, na Mbuke ndiye aliyekuwa akimtetea kwa wauza dagaa, na tumbo lake lile kubwa, mikono kiunoni. Ili mtu yeyote asije akalitumia toleo lile kwa bahati mbaya, Shija alizunguka hospitali zote nne akalizima kwa mkono wake.

Haikupita wiki mbili. Jumanne mchana Mbuke akaletwa kujifungua. Mtoto alitoka salama, wa kiume, analia vizuri. Mama hakukoma kutoka damu.

Damu ya Mbuke ilikuwa O, na mwenye O hapokei isipokuwa O. Jokofu langu halikuwa nayo. Tuliwapima ndugu waliokuwapo, Shija akawa wa kwanza kunyoosha mkono, hakuna aliyelingana. Nikafungua Mshipa wa zamani: hospitali zote tatu, hata Ngulumwa ya jirani, kwa taarifa za Ijumaa, hakuna O. Tukapiga simu Ngulumwa hata hivyo. Iliita, ikaita. Tukampigia mtunza damu wao, Lugiko, simu ya mkononi, haipatikani. Shija alikuwa amekaa kwenye kompyuta ile, vidole viko juu ya vitufe na hana cha kubonyeza. Toleo jipya lilikuwamo humo humo ndani. Angeweza kuliwasha huku, lakini kule Ngulumwa lilikuwa limezimwa, na aliyelizima ni yeye. Basi gari likatumwa mkoani, safari ya nusu siku. Lilipokuwa bado halijafika huko, Mbuke alifariki. Alikuwa akiuliza kama Shija amekuja.

Nisiwapambie. Hakuna kitu kinachouma kama kusimama na mfuko mtupu mkononi mbele ya mtu unayemjua kwa kicheko.

Matanga yakawekwa kwa mama mkwe. Mnajua taratibu zetu: wanawake hulala ndani, wamejipanga kwenye mikeka chumbani alimolala marehemu, na wanaume hulala nje kwenye moto. Shija alikuwa ndani na wenzake, yeye ndiye aliyeshika mtoto. Mahona alikuwa amerudi kutoka safari, ameketi kama mtu aliyepigwa na kitu kichwani. Siku ya pili, jioni, akaja Lugiko wa Ngulumwa na baiskeli yake kutoa pole. Mtu mpole, hana ubaya na kiumbe. Akakaa barazani, mbele ya wanawake waliokuwa wakipepeta mchele, akauliza wifi wa Shija alipatwa na nini. Wakamwambia: damu.

"Damu gani?"

"O."

Akashika mdomo. Alipoweza kusema, alisema, "Jamani, mbona sisi Jumatatu tuliikusanya kwa wanafunzi wa sekondari, jokofu likawa halifungiki? Hiyo Jumanne nilikuwa shule ya pili, kule bondeni hakuna mtandao."

Kutoka hapa mpaka Ngulumwa gari likienda na kurudi, chai uliyoiacha mezani bado ina uvuguvugu. Kila mtu pale barazani aliijua njia hiyo.

Mama mkwe aliacha ungo. Alikuwa mama mtu mzima, hajui kusoma, lakini mambo ya Mshipa aliyajua, maana Shija na Mbuke walikuwa wakiyaongea kila Jumapili kwenye nywele. Akamwita Shija, naye akaja akapiga magoti, na mtoto mgongoni.

"Ile mashine mpya ingejua kwamba damu iko Ngulumwa?"

Hapo Shija angeweza kusema jambo lolote. Angesema mashine zina mambo mengi, mayu, mama yangu, haijulikani. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na nguzo, nikiomba aseme hivyo.

"Ingejua, mayu," akajibu.

"Na nani aliyeizuia?"

"Ni mimi, mayu."

Tulingoja yule mama apige kelele. Alimfungua mtoto kwenye mgongo wa Shija, taratibu, akamfunga kwake. Akaingia ndani. Akatoka na mkeka wa Shija na khanga zake zilizokunjwa, akaviweka nje, chini ya ukuta, akarudi na kufunga mlango. Wanawake wengine wakaingia mmoja mmoja kwa mlango wa uani. Hakuna aliyemtukana.

Mwanamke hawezi kulala kwenye moto wa wanaume, na ndani amefungiwa. Basi alilala pale chini ya ukuta, peke yake, katikati ya moto na mlango, na manyunyu yalikuwa yanaanguka. Mahona alimtazama kutoka kwenye moto. Hakuinuka. Sisemi hakumpenda. Nasema alikuwa mtoto wa nyumba ile, na dada yake ndiye aliyekuwa kaburini.

Kulikuwa na baba yao mdogo, mzee Ndalahwa, fundi wa nyumba za udongo. Maisha yake yote alikuwa akiitwa kukagua kuta za watu, na wengi walimchukia kwa hilo, kwa sababu akishasema ukuta huu umepasuka, mwenye nyumba halali tena, na asiposema watalala vizuri mpaka siku ile utakapoanguka. Alikuwa akimtazama binti yule kwa muda mrefu. Akavua koti lake, akamtuma mtu akamfunike, kisha akasema, si kwetu hasa, kwa moto ule:

"Mwona ufa hulala nje."

 Kila aliyekuwapo alikwenda nayo kwake, na ndivyo ilivyoenea, ikapita sokoni, ikafika mashuleni, mpaka ikamfikia Elikana ikiwa imeoshwa imekuwa tamu.

Siku chache baadaye nilimfuata Shija hapa kazini. Alikuwa akifunga vitu vyake kwenye boksi. Nilitaka kumpa moyo, nikatumia maneno niliyokuwa nayo. Nikamwambia awafikirie akina Kulwa wote wa hospitali nne, watoto wa watu, walio hai kwa sababu yake.

"Kulwa yupi, mzee wangu?" akaniuliza. "Nionyeshe mmoja."

Nilikosa wa kumwonyesha. Mbuke ana kaburi, ana mtoto, ana jina ambalo mama yake analililia. Kulwa ambaye hakufa hana matanga. Anacheza mpira, anaiba maembe, mama yake anamchapa, na hajui kama alikuwa afe. Hata angetaka kushukuru, hajui ashukuru nini. Nilikuwa na umri wa kumzaa Shija, nikambebea boksi mpaka getini.

Toleo la pili lilifunguliwa mvua zilipokwisha. Turubai likafungwa tena, mgeni rasmi akaja, akausifu uongozi kwa umakini wake wa kutokuwa na pupa. Kwaya ikaimba wimbo ule wa jokofu. Nilitafuta jina la Shija katika hotuba, halikuwamo. Akina Kulwa walikuwamo wote kwenye Mshipa, nilihakikisha mwenyewe, kila mmoja na damu yake. Na damu ya Ngulumwa ilionekana kwetu papo hapo, kama walivyoahidi. Niliikodolea macho kwenye kioo mpaka nikaomba ruhusa ya kutoka.

Shija hakurudi kwa Mahona. Nasikia yuko kwao, amejenga karibu na kaka zake, analima mpunga. Kompyuta hagusi. Mtoto wa Mbuke sasa ni kijana mkubwa, na bibi yake alimlea vizuri. Hajawahi kuambiwa kwamba yule mama anayekuja kila mwaka kupalilia kaburi la mama yake, na kuondoka bila kuingia ndani, ni mke wa mjomba wake.

Haya. Sasa Elikana, niambie tena habari za yule mwerevu aliyetoka nje nyumba ikawaangukia wazembe. Nyumba haikumwangukia mtu. Walioko ndani walilala, wakaamka, wakanywa uji. Aliyelowa ni yule mmoja.

Na wewe Nkamba, naona bado umeishika simu hiyo, na naona namba ya mkurugenzi iko kwenye kioo. Sikukatazi, na sikutumi. Nilikuwa pale mara ya kwanza, na kama mngenirudisha siku ile ya Jumatano, ningemwambia Shija aseme vile vile alivyosema, na Mbuke angekufa vile vile, na hilo ndilo linalonipandisha presha hii mnayonipima kila wiki. Ufa umeshauona, huwezi kurudi kulala ndani ukajifanya hukuuona. Mwona ufa hulala nje, mjukuu wangu. Piga simu yako, halafu utafute blanketi.